Mtaala wa Uingereza, Bweni la China: Tunajibu Barua za Malindi na Lamu

Barua zilizonifikia mwezi huu kuhusu masomo ya nje zimezidi nafasi ya safu hii, lakini tatu kati yake zinagusa jambo moja, nami nimeonelea nizijibu pamoja. Ya kwanza imetoka Malindi na mbili zimetoka Lamu. Nimezifupisha kidogo na kuacha majina, kama ilivyo desturi yetu.

SWALI: Mwalimu, assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Malindi. Mume wangu ni mhasibu katika kampuni ya kusafirisha mizigo, na kampuni hiyo inamhamishia mji ulio karibu na Shanghai kwa mkataba wa miaka minne kuanzia Agosti. Iko tayari kulipa sehemu kubwa ya karo ya binti yetu mkubwa, aliyetimiza miaka 13 mwezi wa Aprili na ambaye sasa yuko Gredi ya 8. Mimi na wadogo tutafuata baada ya mwaka mmoja. Tumeletewa kitabu cha picha cha shule ya kimataifa ya kutwa na bweni inayofuata mtaala wa Uingereza: kuna bwawa la kuogelea, kuna farasi, kuna watoto wamevaa tai. Mume wangu anataka binti akae bweni kwa kuwa kazi yake ni ya safari. Mama mkwe anasema mtoto wa kike hapelekwi bweni katika nchi ambayo hajui lugha yake wala chakula chake. Mimi niko katikati. Shule hizi ni za namna gani, na bweni tulikubali au tulikatae? (Mama wa watatu, Malindi)

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Umenieleza habari za farasi na bwawa, lakini jambo ambalo ningetaka kulijua kwanza halimo katika barua yako, nalo ni namna shule hiyo ilivyosajiliwa katika sheria ya China. Jina la Uingereza langoni halikuambii hilo.

Zipo aina mbili zinazokuhusu. Ya kwanza ni shule za watoto wa wageni, zinazoendeshwa kwa kanuni za mwaka 1995, ambazo haziruhusiwi kuandikisha raia wa China. Mwanafunzi huwa na pasipoti ya nchi nyingine na mzazi aliye na kibali cha kuishi huko. Humo mtaala wa Uingereza hufundishwa kwa ukamilifu wake, kwa Kiingereza, na Kichina huwa somo kama masomo mengine. Ya pili ni shule za binafsi za lugha mbili, zilizokusudiwa hasa watoto wa Kichina, ambazo katika miaka tisa ya elimu ya lazima hufuata mtaala wa taifa la China, sehemu kubwa kwa Kichina, na huingia mitihani ya Uingereza baada ya hapo. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2021 zilikaza kamba zaidi: vitabu vya mitaala ya nje vikakatazwa katika miaka hiyo tisa, wageni wakazuiwa kuzimiliki shule za ngazi hiyo, na shule kadhaa zilizokuwa zikijiita kwa majina mashuhuri ya Kiingereza zikayaacha. Linalowachanganya wazazi ni kwamba aina zote mbili zinaweza kuwa chini ya jina moja na kwenye kiwanja kimoja, zikatangazwa kwa kitabu kimoja cha picha. Binti yako, mwenye pasipoti ya Kenya na baba mwenye kibali cha kazi, anafaa aina ya kwanza. Muulizeni mkuu wa shule swali hilo kwa maandishi, naye ajibu kwa maandishi.

Kuhusu majina yenyewe, ni kweli kwamba shule kongwe za Uingereza zimeingia China: Dulwich College ilifungua Shanghai mwaka 2003, Harrow ikafungua Beijing mwaka 2005, Wellington College ikafungua Tianjin mwaka 2011. Lakini kwa kawaida shule ya kule si tawi kama lilivyo tawi la benki. Kampuni ya huko huleta mtaji na majengo, na shule ya Uingereza hutoa jina, mwongozo na usimamizi kwa malipo. Sisi watu wa majahazi tunalielewa jambo hili bila taabu: jina la chombo ni moja na mwenye chombo ni mwingine, na abiria hujali zaidi nahodha. Kwa hiyo ulizeni mkuu wa shule amekaa miaka mingapi na walimu wangapi huondoka kila mwaka, kisha tafuteni ripoti ya ukaguzi. Serikali ya Uingereza ina mpango wa kukagua shule za Kiingereza zilizo nje, unaojulikana kwa kifupi BSO, na ripoti zake huwa wazi kwa kila mtu. Isomeni sehemu inayohusu bweni na usalama wa watoto kabla ya ile ya matokeo ya mitihani.

Sasa tuhesabu miaka, maana hapa ndipo nilipoona mwiba katika mpango wenu. Mtaala wa Uingereza humpanga mtoto kwa umri aliokuwa nao tarehe 1 Septemba. Binti yako wa miaka 13 ataingia Mwaka wa 9, na huo ni mwaka mzuri wa kuingia, kwa kuwa ndio wa mwisho kabla ya mzunguko wa mitihani kuanza. Ana miezi kumi ya kuzoea Kiingereza cha darasani na kuanza Kichina bila ya mtihani mkubwa kumkaba koo. Mwaka wa 10 na wa 11 ni wa IGCSE, mtihani ambao masomo yake hufundishwa kwa miaka miwili mfululizo, kwa hiyo mtoto anayeingia katikati huwa amekosa nusu ya safari. Mwaka wa 12 na wa 13 ni wa A-level, ambapo mwanafunzi hubaki na masomo matatu au manne tu na kuyachimba kwa kina. Hesabu basi: mkataba wa miaka minne unakwisha akiwa amemaliza Mwaka wa 12. Yaani baba anafunga mizigo wakati binti yuko nusu ya A-level, na kibali chake cha kuishi kimefungwa kwenye kibali cha baba.

Mume wako alizungumze jambo hili na mwajiri kabla ya kutia sahihi, si baada. Kampuni inaweza kuombwa iandike kwamba karo italipwa hadi binti amalize Mwaka wa 13, na shule iulizwe kama inaweza kumpokea mwanafunzi ambaye wazazi wake wameondoka nchini, kwa viza ya mwanafunzi na mlezi aliyethibitishwa kisheria, kwa maana si kila shule inaruhusiwa kufanya hivyo. Njia ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kupanga tangu leo kwamba atamaliza IGCSE kule mwezi Juni wa mwaka wa tatu, kisha arudi kufanya A-level katika shule ya Mombasa au Nairobi inayofundisha mtaala huo huo. Daraja hilo ni safi, kwa sababu cheti kimoja kimekwisha na kingine hakijaanza. Msijaribu kumrudisha katika mtaala wa Kenya katikati ya Mwaka wa 10 au wa 11. Nimeona watoto wakipoteza mwaka mzima kwa hilo.

Tuje kwenye bweni. Aliyesoma bweni hapa kwetu hatashangazwa na mengi, kwa kuwa mabweni yetu yalirithi mengi kutoka kwa Waingereza wale wale: kuna nyumba zinazoshindana kwa alama, kuna viranja, kuna metroni, kuna prepu baada ya chakula cha jioni. Tofauti ni kwamba vyumba mara nyingi ni vya watoto wachache badala ya safu ya vitanda arubaini, na kwamba shule nyingi za mjini hutoa bweni la wiki: mtoto huingia Jumapili jioni au Jumatatu asubuhi na kutoka Ijumaa. Kwa binti yako mwaka huu wa kwanza, nawashauri bweni la wiki na si bweni kamili, na pindi wewe utakapofika, awe wa kutwa. Sisemi hivi kwa kulichukia bweni. Nasema kwa sababu baba yupo mjini, na mtoto wa miaka 13 aliye na baba saa moja kutoka alipo, lakini hamwoni hadi mwisho wa muhula, hujiuliza maswali ambayo metroni hawezi kumjibu.

Palipo na hatari ni siku ambazo bweni hufungwa. Wiki ya tarehe 1 Oktoba ni sikukuu ya taifa, na mwaka mpya wa Kichina huangukia Januari au Februari, na wakati huo nchi nzima iko njiani. Je, baba akiwa safarini katika siku hizo, nani atampokea binti langoni? Shule nyingi hudai mlezi mtu mzima anayeishi mji huo huo, mwenye jina na nambari ya simu. Mkikosa mtu mnayemwamini kama ndugu, basi bweni lolote, la wiki au kamili, halijawa tayari kwenu.

Mama mkwe ana haki katika suala la chakula, na asipuuzwe. Mpwa wangu aliyesoma huko alikula wali mweupe na mayai ya kuchemsha wiki nzima ya kwanza, kwa kuwa hakuweza kusoma vibao vya kwenye masufuria, na kila adhuhuri alikuwa akimpigia mamake picha ya sinia nzima ili amwulize, "Hiki je?", naye mama yuko Lamu na anajua kama mwanawe ajuavyo. Siku ya nane akaonyeshwa na mpishi kibao chenye maandishi mawili ya Kichina yasomwayo qingzhen, yaani chakula cha Waislamu, na tangu hapo akala. Mfundisheni binti maandishi hayo mawili kabla hajapanda ndege. Atayaona pia kwenye vijiduka vya tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou, ambavyo huendeshwa na Waislamu na vipo karibu kila mji wa China. Nguruwe ni nyama ya kawaida huko na mafuta yake huingia hata kwenye mikate na vitafunio, kwa hiyo swali la jikoni liulizwe kwa undani: sufuria zinatengwa, au nyama tu ndiyo inayotengwa?

Kuhusu sala, sheria ya elimu ya China hutenganisha shule na dini, hivyo msitarajie chumba cha kusalia wala ruhusa ya Ijumaa kuwa jambo la kawaida. Baadhi ya shule za wageni humwachia mtoto asali chumbani mwake kimya kimya, nyingine hukwepa kabisa kulizungumza. Shanghai ina misikiti, ukiwemo wa Xiaotaoyuan na wa Huxi, na mwisho wa wiki baba anaweza kumpeleka. Masomo ya chuo cha Kurani itabidi yaendelee kwa simu.

Na simu yenyewe ina mambo yake. WhatsApp haifunguki kwenye mtandao wa China, kwa hiyo nyanya yake awekewe WeChat mapema, afundishwe, na ajaribu kupiga angali na mjukuu sebuleni. China iko mbele yetu kwa saa tano. Ukipiga baada ya Magharibi, saa kumi na mbili na nusu ya Malindi, kule ni saa tano na nusu ya usiku, na bweni nyingi hukusanya simu kabla ya kulala. Saa saba ya mchana kwetu ndiyo saa kumi na mbili ya jioni kwao, baada ya michezo na kabla ya prepu. Hiyo ndiyo saa yenu.

Fedha nitaipitia haraka kwa kuwa mwajiri ndiye mlipaji mkuu. Katika miji kama Shanghai na Beijing, karo ya sekondari ya kutwa katika shule za aina hii aghalabu hupita yuan 200,000 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu, na nyingine hupita 300,000, kabla ya bweni, basi, sare na ada za mitihani. Ulizeni kampuni inalipa kipi katika hivyo. Posho ya masomo ya watoto wa mfanyakazi mgeni imesamehewa kodi ya mapato nchini China hadi mwisho wa mwaka 2027, ila sharti kuwe na stakabadhi rasmi inayoitwa fapiao, basi mume wako asikubali risiti ya kawaida. Cheti cha kuzaliwa cha binti kithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje na kisha ubalozi wa China, Nairobi, na kazi hiyo ianze sasa.

Nimalizie kwako kwa jambo dogo linaloweza kumfurahisha mama mkwe: Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, wana mtihani wa Kiswahili katika ngazi ya IGCSE. Shule ikikubali kumsajili, binti yenu ataukalia China na lugha ya nyanyake itaandikwa kwenye cheti chake.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzee wa Mkomani, Lamu. Katika miaka ya sitini nilifanya mtihani wa Cambridge hapa hapa nchini, na cheti ninacho hadi leo. Mjukuu wangu yuko China na baba yake, anasoma hicho kinachoitwa IGCSE. Je, ni mtihani ule ule wetu? Na akirudi Kenya, vyuo vikuu vitaukubali? (Babu, Lamu)

JIBU: Shikamoo, babu. Ni ukoo mmoja, ingawa si mtoto yule yule. Cheti chako kilikuwa School Certificate. Kule Uingereza kiliondolewa mwaka 1951 na nafasi yake ikashikwa na O-level na A-level, lakini kwa sisi wa makoloni Cambridge waliendelea kutoa School Certificate kwa miaka mingi zaidi. Mwaka 1988 wanafunzi wa kwanza wakaukalia IGCSE, uliotungwa kwa ajili ya shule za nje ya Uingereza. A-level ya mjukuu wako ndiyo ile ile tuliyoiita kidato cha sita kabla ya mfumo wa 8-4-4 kukifuta mwishoni mwa miaka ya themanini.

IGCSE peke yake haimwingizi mtoto chuo kikuu cha Kenya; ataendelea hadi A-level, na vyuo vyetu hutaka walau kufaulu vizuri masomo mawili makuu ya ngazi hiyo, pamoja na masharti ya kozi anayoitaka. Cheti cha nje hulinganishwa na cha kwetu kupitia Baraza la Mitihani la Taifa, KNEC, na maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni. Matokeo ya mitihani ya Mei na Juni hutoka Agosti, hivyo asiyajie maombi dakika ya mwisho.

Kuna jambo moja babu unaweza kulisimamia ukiwa barazani kwako. Watoto wetu wana jina la pasipoti, jina la cheti cha kuzaliwa na jina la nyumbani, na shule humwandikisha kwa lile alilolitaja siku ya kwanza. Bodi ya mitihani huchapa jina hilo hilo kwenye cheti, na kulirekebisha baadaye ni safari ndefu. Mwambie mwanao alinganishe jina la shuleni na la pasipoti, herufi kwa herufi, kabla ya mjukuu kusajiliwa kwa mtihani.

SWALI: Hujambo mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne na nimepata B. Wakala mmoja anasema nikimpa ada ya maombi atanipeleka shule ya bweni ya Kiingereza nchini China nikafanye A-level, kisha niingie chuo kikuu cha huko kwa ufadhili. Anataka fedha za viza wiki hii. (Kijana, Lamu)

JIBU: Mwanangu, njia hiyo ni ya kuzunguka Pate nzima ili ufike Shela. Vyuo vikuu vya China humpokea mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa cheti cha kidato cha nne cha Kenya, na ufadhili wa serikali ya China kwa ngazi hiyo ni kwa walio chini ya miaka 25; A-level ya kulipia mamilioni haikuongezei lolote hapo. Binti wa Siyu aliyekwenda Nanjing mwaka 2005 kusomea tiba ya jadi ya Kichina alikwenda kwa ufadhili wa serikali hiyo, si kwa mlango wa shule ya kimataifa. Kozi nyingi za ufadhili huwa kwa Kichina, na mwanafunzi husoma lugha kwanza kwa mwaka mmoja, kwa hiyo ukitaka kutumia fedha zako vizuri, zitumie kujifunza Kichina. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius, inayofundisha lugha hiyo, tangu mwaka huo huo wa 2005.

Na huyo wakala mwulize jambo moja. Anayekwenda China kusoma chuo kwa zaidi ya siku 180 huomba viza ya X1, na hupewa kwanza barua ya kukubaliwa pamoja na fomu iitwayo JW201, kama ana ufadhili wa serikali, au JW202, kama anajilipia. Fomu hiyo huwa na jina lako na jina la chuo, nawe unaweza kukiandikia chuo chenyewe kuulizia. Kwa mwanafunzi wa shule, barua hutoka kwa shule yenyewe, nayo pia unaweza kuiandikia. Kabla hujaiona karatasi hiyo kwa macho yako, usimpe hata nauli ya boti ya Mokowe.